Picha ikiganda, nani analipa?

Na Mwandishi Wetu

WENYE vibanda vya kuonyesha mpira jijini Dar es Salaam hawataisahau upesi Jumapili ya Mei 12, 2024. Saa 12.30 jioni siku hiyo Manchester United ilikuwa inaikaribisha Arsenal katika uwanja wa Old Trafford, na Arsenal ilikuwa imebanana na Manchester City katika mbio za ubingwa wa Uingereza. Hiyo ni mechi ambayo mwenye kibanda huingoja kama muuza nguo anavyoingoja Idi.

Mwandishi wa makala haya alikuwa benchi la tatu katika kibanda kimoja cha Temeke. Mwenye kibanda alikuwa ameachana na dishi miezi michache nyuma, baada ya kupiga hesabu na kuona kwamba kununua bando na kuonyesha mpira kwa njia ya intaneti kunamgharimu kidogo zaidi kwa mwezi. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000 na watu walikuwa kama themanini. Picha ilianza vizuri, ikaanza kukwama, kisha kikatokea kile kiduara kinachozunguka ambacho kila mwenye simu anakijua. Wakati sisi bado tumeganda, kibanda cha pili chenye dishi kililipuka kwa kelele. Leandro Trossard alikuwa ameifungia Arsenal bao katika dakika ya 20, na ndilo bao pekee la mchezo ule.

Watu wakasimama kudai fedha zao. Mwenye kibanda alizirudisha zote, na soda alizokuwa amezipoza zikabaki kwenye jokofu. Bando alilokwisha kulipia hakurudishiwa na mtu, wala ada ya mwezi ya huduma ya mpira. Kwa hesabu zake jioni ile alipoteza mapato ya shilingi 80,000 ya mlangoni peke yake, na baadhi ya wateja wake walihamia kwa jirani moja kwa moja.

Ukurasa huu umezoea kuandika bei za mazao na mwenendo wa hisa, lakini wiki hii tumeona tuifuatilie hasara ya jioni ile tujue iliishia mikononi mwa nani. Biashara ya video kwa njia ya intaneti sasa imewaingiza wengi: wenye vibanda, wenye nyumba za wageni wanaowaahidi wateja televisheni ya kisasa, wauza bando na ruta, na wale wenye mitaji midogo wanaonunua hisa za makampuni ya simu katika Soko la Hisa la Dar es Salaam au Nairobi. Wote wanafanya biashara juu ya kitu kinachoweza kukatika, na wengi wao hawajawahi kuuliza kinakatikia wapi.

Mkongo ulikatikia wapi

Asubuhi ya siku ile ile ya mechi, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Hii ndiyo mikongo iliyoleta intaneti ya kasi katika pwani yetu. Seacom ilianza kazi Julai 2009 na EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti kwa bei ambayo mfanyabiashara mdogo hakuithubutu.

Msomaji atauliza, kwa nini waya ukatike Durban na mtu wa Temeke akose mpira? Intaneti yetu ina njia mbili za kutokea, kaskazini kupitia Bahari ya Shamu kwenda Ulaya, na kusini kupitia Afrika Kusini. Njia ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuumia tangu Februari 2024, pale mikongo ya Seacom, AAE-1 na EIG ilipokatika katika Bahari ya Shamu. Inaaminika kwamba iliburutwa na nanga ya Rubymar, meli ya mizigo iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen Februari 18, ikaelea bila mwenyewe kwa siku kadhaa na kuzama Machi 2. Kutengeneza mkongo katika maji ambamo makombora yanaruka si kazi ya haraka. Hivyo mzigo uliokuwa unapita kaskazini ulihamishiwa kusini, na Mei kusini nako kukakatika.

Athari hazikuwa sawa kila mahali. Tanzania, Malawi, Msumbiji na Madagaska ziliumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa wananchi kwa siku mbili kwa sababu ya kudorora kwa mtandao. Kenya iliyumba, lakini ilisimama upesi zaidi, kwa kuwa Mombasa inafikiwa na mikongo mingi zaidi, ukiwemo TEAMS ambao tangu 2009 unakwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu. Yaani mwenye kibanda wa Mombasa na mwenye kibanda wa Temeke walikuwa wanauza bidhaa ile ile, lakini ghala la mmoja lilikuwa na milango mingi kuliko la mwenzake.

Kazi ya kutengeneza ilisubiri meli. Mikongo ya eneo hili hutegemea sana meli ya Léon Thévenin yenye makao yake Cape Town, na hiyo hiyo ilikuwa imetoka kushughulikia mikongo ya Afrika Magharibi iliyokatika karibu na Abidjan Machi 14 mwaka huo. Meli hupakia waya wa akiba, husafiri hadi penye hitilafu, huvua ncha mbili kutoka chini ya bahari, huunganisha nyuzi za kioo moja moja, kisha hulaza tena. Bahari ikichafuka kazi husimama. Matengenezo ya Mei 2024 yalichukua zaidi ya wiki mbili, ingawa makampuni ya simu yalirudisha sehemu ya huduma mapema kwa kununua nafasi katika njia nyingine.

Tangu wakati huo hali imeendelea kuwa hivyo. Septemba 6, 2025 mikongo ilikatika tena katika Bahari ya Shamu karibu na Jeddah, na safari hiyo waliolalamika zaidi walikuwa watu wa Pakistan, India na Falme za Kiarabu.

Mbona nyingine zilifunguka?

Siku zile za Mei wapo walioshangaa kwamba sinema fulani ilifunguka vizuri wakati mpira, ujumbe na benki vinagoma. Jambo hili linafaa kueleweka, maana ndilo linalomsaidia mfanyabiashara kujua anachokinunua.

Netflix, kwa mfano, tangu 2012 imekuwa na mpango wa kuyapa makampuni ya intaneti makasha ya kuhifadhia filamu bila malipo. Kasha hukaa katika jengo la kampuni ya intaneti, hujazwa filamu usiku wakati watu wamelala, na mteja anapobonyeza, picha hutoka hapo jirani badala ya kuvuka bahari. Lakini kibali cha kuingia, kwa maana ya kuthibitisha jina lako, malipo yako na orodha ya filamu, hutoka katika kompyuta za kukodi za Amazon ng'ambo. Bidhaa iko ghala la Ubungo lakini risiti inaandikiwa Marekani. Mkongo ukikatika, aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea kutazama, na anayejaribu kuingia upya akakwama mlangoni.

Mpira wa moja kwa moja hauna faida hiyo. Bao haliwezi kuhifadhiwa ghalani kabla halijafungwa. Kila sekunde lazima isafiri yenyewe, na ndiyo maana mpira ndio wa kwanza kuganda na wa mwisho kupona. Hata mtandao ukiwa mzima, picha ya intaneti huwa nyuma ya ile ya dishi kwa nusu dakika au zaidi, kwa sababu hukatwa vipande vidogo, hutumwa, na simu au televisheni hujiwekea akiba kidogo kabla ya kuonyesha. Jirani mwenye dishi atashangilia kabla yako siku zote. Anayefikiria kufungua kibanda cha intaneti ukuta kwa ukuta na kibanda cha dishi alitafakari jambo hili kabla ya kununua mabenchi.

Soko la hisa halilii

Tukija upande wa hisa, msomaji mwenye mtaji mdogo anaweza kudhani kwamba kampuni ikiwaudhi mamilioni kwa usiku mmoja, Jumatatu yake hisa zitaporomoka. Tumezipitia kumbukumbu za miaka ya karibuni na mambo hayako hivyo.

Novemba 12, 2019 kampuni ya Disney ilifungua huduma yake ya Disney+ nchini Marekani. Tangu asubuhi wateja walishindwa kuingia, wakaonyeshwa ujumbe wa makosa, na kampuni yenyewe ikakiri kwamba watu wamekuja wengi kuliko ilivyotarajia. Kesho yake Disney ilitangaza kwamba wateja milioni 10 wamejiandikisha, na hisa zake zikapanda kwa zaidi ya asilimia 7 siku hiyo hiyo.

Novemba 15, 2024 Netflix ilionyesha moja kwa moja pambano la ndondi la Mike Tyson na Jake Paul kutoka Arlington, Texas. Picha iliganda na kufifia kwa watazamaji wengi, na malalamiko yalijaa dunia nzima. Kampuni ilisema nyumba milioni 60 zilikuwa zikitazama. Jumatatu iliyofuata hisa zilipanda, na katika robo hiyo ya mwaka Netflix ikapata wateja wapya milioni 18.9, ikafikisha wateja milioni 301.6. Januari 2025 ikapandisha ada Marekani.

Oktoba 20, 2025 ilikuwa zamu ya Amazon. Hitilafu katika mfumo wa kutafutia anuani za kompyuta, kwenye kituo chake cha Virginia, iliangusha huduma nyingi za makampuni mengine kwa saa nyingi, na Prime Video ya Amazon yenyewe ikiwa miongoni mwao. Jioni hisa za Amazon zilifunga zikiwa juu kidogo.

Sasa tazama upande wa pili. Aprili 2022 Netflix haikuwa na hitilafu yoyote ya mitambo. Ilitangaza tu kwamba imepoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza ya mwaka, na Aprili 20 hisa zake zikaanguka kwa asilimia 35 kwa siku moja. Soko linahesabu vichwa. Mtazamaji aliyekasirika lakini akaendelea kulipa ada, kwa macho ya soko, hajakasirika.

Je, hakuna aliyewahi kuadhibiwa? Yupo. Kombe la Dunia la 2018 nchini Australia lilikuwa limegawanywa: michezo 25 kati ya 64 ilionyeshwa na televisheni ya umma ya SBS, na 39 iliyobaki ilikuwa haki ya Optus peke yake, kampuni ya simu inayomilikiwa na Singtel ya Singapore, kwa njia ya intaneti na kwa malipo ya karibu dola 15 za Australia kwa mwezi. Wiki ya kwanza tu mitambo ilizidiwa, picha zikakatika, na watu wakaibatiza jina la kejeli. Waziri Mkuu wa wakati huo, Malcolm Turnbull, akaingilia kati na kuzungumza na mkuu wa kampuni hiyo. Optus ikakubali SBS ionyeshe michezo yake bure hadi mashindano yaishe, na ikawarudishia fedha waliokwisha kulipa. Bidhaa iliyonunuliwa kwa gharama kubwa iligawiwa bure sokoni.

Tofauti ya Optus na wengine haikuwa ukubwa wa hitilafu. Mteja wa Optus alikuwa amenunua kitu kimoja, kwa mwezi mmoja, na palikuwa na duka la pili mlango wa pili. Mteja wa Netflix amenunua maelfu ya filamu, na pambano moja likiharibika bado ana la kutazama kesho. Mwenye kununua hisa za kampuni inayouza mpira kwa intaneti aitazame tofauti hiyo kwanza, kabla ya kutazama ripoti ya mitambo.

Kwa hisa za hapa nyumbani swali ni jingine. Vodacom Tanzania iliyoorodheshwa katika soko letu Agosti 2017 kwa hisa za shilingi 850, na Safaricom iliyoko Nairobi, haziuzi filamu kwanza, zinauza njia. Kinachofaa kuulizwa katika mkutano mkuu wa mwaka ni nafasi inanunuliwa katika mikongo mingapi, kiasi gani kiko kaskazini na kiasi gani kusini, na pengo la Mei 2024 liligharimu nini. Mwanahisa mwenye hisa mia moja ana haki ya kuuliza sawa na mwenye milioni. Kwa bahati mbaya wengi huenda mkutanoni wakauliza gawio tu, kisha wakaelekea kwenye chakula. Mkongo mpya mkubwa wa 2Africa, ambao Airtel ilitangaza kuufikisha Dar es Salaam mwaka 2023, unaongeza mlango mmoja katika ghala letu, na atakayenunua nafasi nyingi humo atakuwa na la kujibu swali kama hilo likiulizwa.

Kuitafuta hitilafu kabla ya kupiga simu

Turudi kwa mwenye kibanda na mwenye nyumba ya wageni, maana wao hawana Jumatatu ya kungojea hisa zipande. Wanahitaji kujua ndani ya dakika tano hitilafu ni ya nani, kabla wateja hawajasimama.

Anza na kifaa cha pili. Chukua simu yenye laini ya kampuni nyingine, zima muunganisho wa ruta, na ufungue huduma ile ile. Ikifunguka, mwenye huduma ya video hana kosa, tatizo liko kwenye intaneti yako. Isipofunguka lakini kurasa nyingine zinafunguka kama kawaida, huenda kilichoanguka ni huduma yenyewe, na kuzima na kuwasha ruta mara kumi hakutasaidia kitu. Ikiwa laini zote mbili zinakokota na hata kurasa za ng'ambo hazifunguki wakati za hapa nchini zinafunguka, basi huenda ni mkongo, na hapo mweleze mteja ukweli mapema, kwa sababu haitatengemaa kabla ya filimbi ya mwisho.

Likiwa tatizo liko ndani ya nyumba, mara nyingi ni dogo. Ruta imewekwa nyuma ya jokofu au chini ya meza ya chuma, au watu themanini wameunganisha simu zao humo humo, au programu ya simu inajisasisha yenyewe katikati ya mechi. Unganisha televisheni kwa waya badala ya hewa, ubadilishe neno la siri kila wiki, na utaona tofauti bila kuongeza bando. Televisheni yenye tarehe au saa isiyo sahihi nayo hukataliwa mlangoni na huduma nyingi, jambo ambalo limewapeleka watu kwa fundi kulipia kitu cha dakika moja.

Kasi inayotakiwa si ya kutisha. Netflix inashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha nzuri ya kawaida na 5 kwa picha safi zaidi. Inayowaumiza wengi ni matumizi ya data. Picha safi hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na picha ya daraja la chini hula kama gigabaiti 1. Mechi moja pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, kwa hiyo ni gigabaiti 6 dhidi ya 2. Katika runinga ya inchi 43 watu wa benchi la nyuma hawataiona tofauti, na mtandao ukiyumba kidogo picha ya chini itaendelea kupita pale ambapo iliyo safi ingeganda. Weka daraja la picha kwa mkono, usiiachie programu ijichagulie.

Na umeme usisahauliwe. Ruta haili umeme mwingi, betri ndogo ya akiba inatosha kuiwasha kwa saa kadhaa. Wengi wana jenereta ya kuwasha televisheni, lakini katika zile sekunde za kubadilisha, ruta huzimika na huchukua dakika mbili kurudi, na dakika mbili katika mikwaju ya penalti ni nyingi mno.

Fidia iko mbali

Je, mwenye kibanda wetu angeweza kudai? Hapa ndipo msururu wa biashara hii unapoonekana ulivyo. Netflix na wenzake huandika katika masharti yao kwamba huduma inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya kutokatika. Kampuni ya simu itasema imeuza data na data ilikuwepo. Mwenye mkongo atasema mteja wake ni kampuni ya simu.

Wenye mikataba ya kulipana ni wakubwa kwa wakubwa. Amazon, kwa mfano, huwaahidi wanaokodi kompyuta zake upatikanaji wa asilimia 99.99 kwa mwezi, na isipotimiza huwapunguzia bili: asilimia 10 ikiwa huduma imeshuka chini ya hapo, 30 ikishuka chini ya 99, na bili yote ikishuka chini ya 95. Kumbuka wanapunguziwa bili ya kukodi, hawalipwi faida waliyokosa. Mfanyabiashara anayeletewa mkataba wa intaneti wenye asilimia hizi azigeuze kuwa muda. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.99 ni kukatika kwa dakika 4 na kidogo, 99.9 ni dakika 43, na 99 ni saa 7 na dakika 12. Asilimia 99 inasikika vizuri masikioni, lakini saa saba ni mechi tatu na filamu moja.

Nchini Tanzania mteja ambaye hakuridhika na mtoa huduma anatakiwa kulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, na asiposikilizwa apeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Andika tarehe, saa, na hifadhi picha ya skrini, maana lalamiko lisilo na saa halina miguu. Lakini mwenye kibanda anayetoza kiingilio kwa kutumia ada ya nyumbani hana mahali pa kusimama, kwa sababu ada ile hairuhusu biashara, na atakayefungua jalada la madai ndiye atakayejitaja mwenyewe. Wengi wao wako katika hali hiyo na wanajua.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo maana wenye vibanda wenye busara tuliowatembelea wameacha kuhesabu fidia na wanahesabu njia ya pili. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kibanda cha watu 80 kwa shilingi 1,000 kikikosa mechi kubwa mbili kwa mwaka kimekosa 160,000, mbali na wateja wanaohama. Laini ya kampuni nyingine iliyowekewa bando la siku moja, siku za mechi kubwa tu, haifiki hapo. Sharti moja ni kwamba laini ya pili iwe ya kampuni ambayo haitegemei njia zile zile. Mei 2024 wapo waliokuwa na laini tatu za makampuni matatu, zote zikakokota pamoja.

Njia isiyopita baharini ni dishi. Nchini Kenya, tangu Julai 2023, ipo pia intaneti ya setilaiti ya Starlink, ingawa nayo ilizimika dunia nzima kwa takriban saa mbili na nusu Julai 24, 2025 kwa hitilafu ya programu zake za ndani.

Mwenye kibanda wa Temeke alichukua uamuzi wake ndani ya wiki moja. Jumapili iliyofuata, Mei 19, ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, Manchester City ikicheza na West Ham na Arsenal na Everton, zote saa 12.00 jioni. Intaneti ilikuwa imerudi kwa kiasi, mkongo bado unatengenezwa. Alikodi dishi na king'amuzi, akaweka televisheni mbili, na ile ya intaneti akaiacha kona kama akiba. City ilishinda mabao 3 kwa 1 ikachukua kombe, Arsenal ilishinda 2 kwa 1 ikabaki ya pili. Mashabiki wa Arsenal waliondoka kimya, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa na soda ziliisha kabla ya mapumziko. Dishi hajalitoa hadi leo.